Pua ya Mkwe

Mwalimu Nakiete hakuanza na kompyuta. Alianza na ngazi ya mianzi aliyoiazima kwa mafundi wa paa, akaiegemeza kwenye ukuta wa stoo ya vipuri, akamwambia Tupokigwe aitazame mpaka aichoke.

“Umeona nini?”

“Ngazi, mwalimu.”

“Basi na kasha linaloendesha mashine linaona hivyo hivyo. Programu unayoliandikia ni ngazi, na kila amri ni kijiti kimoja. Linaanza cha juu, linakisoma kutoka kushoto kwenda kulia, linashuka cha pili. Likifika chini linarudi juu kabla hujapepesa jicho. Kushoto unaweka masharti, kulia unaweka kazi. Masharti yakitimia yote, kazi inafanyika. Likikosekana moja, haifanyiki. Kasha halikisii, mwanangu. Ulichosahau kuandika, kwake hakipo duniani.”

Tupokigwe alikuwa ameishia darasa la saba, na wapo mafundi waliolicheka hilo wakiwa kwenye chai ya saa nne. Mwalimu hakujali. Alitaka mtu anayeweza kukaa mbele ya kitu kimoja asubuhi nzima bila kuchezesha mguu, na mtu huyo alikuwa amempata.

Wiki zikapita. Tupokigwe akajifunza swichi na relei, taima na vali, akajifunza kuwasha feni ya vitanda vya kunyaushia majani na kuizima kwa vijiti vitatu vya ngazi. Siku moja mwalimu akamwekea mezani swichi nyekundu ya mkononi.

“Hii ni ya kusimamisha. Haifungwi kama ya taa. Mtu anaibana, umeme unapita, mashine inakwenda. Akiiachia, akizimia, panya akikata waya, mashine inasimama. Yaani ukiona kimya, simama. Umenisikia?”

“Nimesikia, mwalimu.”

Na kweli alikuwa amesikia.

*

Viwanda vya chai vilivyobaki kwenye milima ya Rungwe wakati huo vilikuwa vichache, na kila kimoja kilisimama juu ya pua ya mtu. Majani yakishasagwa hulazwa kwenye mkanda mpana unaokwenda taratibu kama mtu anayetoka msibani, na hapo juu huanza kuiva na kugeuka rangi. Ukiyawahisha kwenye tanuri, chai inakuwa na ladha ya nyasi. Ukiyachelewesha, inachacha kama togwa lililosahauliwa. Katikati yake ipo dakika moja tu iliyo njema, nayo haitulii. Mvua inaisogeza, ukungu unaisogeza. Walijaribu pua za chuma, zikawa zinatambua kila harufu ila haziwezi kusema “sasa”.

Ndipo ikaja kofia ya nyaya. Mtu anavishwa, ananusishwa chai, na kile anachokijua kinatoka kichwani mwake kinaingia kwenye kasha linaloendesha mkanda. Hakinakiliwi, kinahama. Kikishafika kule, huku hakipo tena.

Watu waliita kuchumwa. Wachumaji wa mashambani walisema tofauti ni moja tu, kwamba mchai huchipua.

Pua ya kiwanda chao ilikuwa ya baba mkwe wa Tupokigwe. Kwa mila ya Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakutani njiani, wala jina la mzee halitoki kinywani mwa mkwewe. Mila hiyo iliwahi kufifia, ikarudi pale watu walipoona karibu kila kitu kingine wamenyang'anywa. Na mzee alikuwa hodari wa kuilinda. Tupokigwe akitoka kisimani, kabla hajafika konani, mzee ameshanusa moshi wa jiko lake na mafuta anayompaka mtoto. Anakohoa, anaingia migombani, anageuza shingo mpaka harufu ipite. Tangu aolewe, Tupokigwe hakuwahi kuuona uso wake, wala mzee hakuwahi kuuona wa kwake. Walijuana hivyo, mmoja kwa kikohozi, mwenziwe kwa moshi.

Kampuni ilipotaka mzee achumwe kabla hajafa na pua yake, hakubisha. Nje ya kiwanda kile wakulima hawakuwa na pengine pa kupeleka majani. Alitoa sharti moja, na aliyelileta alikuwa binti yake, Lusungu, aliyefanya kazi ya kufungasha.

“Wifi, tata anasema atachumwa na wewe.”

“Na mimi? Hata kumtazama siwezi.”

“Ndicho anachokitaka. Wengine watamkodolea macho. Wewe huwezi, utakuwa umeivunja nyumba.” Lusungu akacheka. “Mzee mjanja yule. Kapata daktari kipofu.”

*

Wakatundika turubai katikati ya chumba. Upande mmoja mzee na kofia yake na sahani za majani yaliyosagwa; upande wa pili Tupokigwe na kompyuta, amelipa mgongo turubai. Lusungu alipita huku na huku akibeba maneno.

Mwalimu Nakiete alikuwa ameshaeleza kabla hajashuka Mbeya kufuata vipuri. Mambo ya pua hayana kuta, alisema. Chai imelala na moshi, moshi umelala na mvua. Kofia haiwezi kujua imevuka mpaka wa chai. Anayejua ni mwenye pua peke yake. Kwa hiyo mzee ataibana ile swichi nyekundu wakati wote. Akihisi imegusa kisicho chai, anaiachia, kila kitu kinasimama.

Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka. Si kwa woga, ni kwa umri. Ulilegea, mashine ikasimama. Wakaanza upya, ukalegea tena. Na kila kuanza upya kofia ilichoma. Tupokigwe alimsikia mzee akivuta pumzi kwa meno.

Meneja Mtweve akachungulia. “Mmesimama tena?”

“Mkono unachoka, bosi. Akilegeza kidogo tu, inaachia.”

“Sasa mnamtesa mzee wa watu mchana kutwa? Hamna njia nyingine?”

Njia ilikuwepo. Tupokigwe aliifikiria, akaiona nyepesi. Kwenye kijiti cha juu kabisa cha ngazi akaligeuza sharti. Tangu hapo mzee asingeshika kitu. Mkono ungepumzika kwenye paja, na akitaka kusimamisha angebonyeza mara moja. Kengele ingelia mezani kwa Tupokigwe, naye angefunua turubai kwenda kumvua kofia, maana ndivyo taratibu zilivyosema, anayepiga kengele lazima aendewe na aonekane hali yake.

“Tata,” Lusungu alieleza upande wa pili, “usibane tena, pumzika. Ukiona imevuka, bonyeza. Wifi atakuja.”

“Atakuja hapa?”

“Atakuja akuvue.”

Mzee akaushusha mkono kwenye paja. “Haya. Mwambie ndaga, amefanya vizuri.”

Lusungu aliileta ile asante, na Tupokigwe akajisikia vema moyoni. Kazi ikaenda bila kukwama. Alikaa amelipa mgongo turubai, akitazama mstari wa kijani ukipanda kwenye kioo, akisikiliza. Kengele haikulia. Alasiri ikafika, haijalia. Alisikiliza kile kimya kwa uangalifu wote aliojaliwa, akakiona kimetulia, akafurahi kwamba wanamaliza salama.

*

Asubuhi ya pili alipokata kona ya kisimani na ndoo kichwani, mzee alikuwa amesimama katikati ya njia.

Hakukohoa. Hakugeuka. Tupokigwe aliuona uso wake wote, paji pana, kovu dogo juu ya nyusi, macho ya mume wake yaliyozeeka. Na macho yale yalimtazama bila aibu yoyote, kwa upole, kama yanavyomtazama mpita njia.

“Ugonile, mama,” mzee alimwamkia. “Unatoka mbali?”

Hakumjua. Sura ile hakuwahi kuiona, na kile alichokuwa akimjulia hakikuwepo tena.

Ndoo ikaanguka. Tupokigwe akajifunika kanga uso mzima, akapiga magoti kwenye tope, na kwa kupiga magoti kule ndiko mzee alikojua. Aligeuka kwa haraka mno kwa umri wake, akaenda akajigonga kwenye mgomba, akaukumbatia asianguke, akabaki hapo ameupa njia mgongo mpaka Tupokigwe alipoondoka. Ndoo haikuokotwa.

Kiwandani siku hiyo walikuwa wanashangilia. Kasha lilisema “sasa” kama mzee mwenyewe, na chai iliyotoka tanurini meneja aliionja akafumba macho. Tupokigwe akaingia kwenda kukagua kazi yake. Alipovuka mlango tu, mkanda ukasimama. Vifuniko vya vipenyo vya kunusia vikajifunga kimoja baada ya kingine. Akatoka nje, vikafunguka, mkanda ukaendelea. Akaingia tena, ukasimama.

Alikwenda akaoga kwa sabuni ya kiwandani, akavaa ovaroli ya Lusungu. Ukasimama.

“Wifi, umeolewa mara mbili,” Lusungu alimwambia, na wafungashaji wenziwe wakaangua kicheko. “Tena huyu mkwe wa chuma hata kukohoa hajui.”

Tupokigwe naye alicheka kidogo, wasimwone vibaya.

*

Kama ingekuwa yeye tu, wangemzuia kuingia, yakaisha. Lakini mchana, majumbani walipowasha mioto na moshi ukapeperuka mpaka kiwandani, mkanda ulipunguza mwendo kama mtu anayekwenda kula. Mvua ikiwa bado iko nyuma ya mlima, ulikimbia, ukamwaga majani mabichi tanurini. Na siku ya gulio, wakati wakulima wanawake walipojaa kwenye mzani, mmoja wao, bibi wa kizamani anayepaka nywele mafuta ya mbono, alisimama karibu na dirisha akiongea. Mkanda ulisimama. Safari hii vifuniko havikujifunga. Vilibaki wazi kabisa, na mkanda haukusogea mpaka yule bibi alipokwenda zake, na majani yote yaliyokuwa juu yake yakachacha.

Mama mkwe, aliyekufa kabla Tupokigwe hajaolewa, alikuwa akipaka mafuta ya mbono. Lusungu ndiye aliyesema hivyo, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Nakiete aliporudi kutoka Mbeya aliisoma ngazi yote juu mpaka chini. Alipofika kwenye kile kijiti aliweka kidole, akakaa nacho muda mrefu.

“Mkono wake ulikuwa unatetemeka, mwalimu. Nilitaka apumzike.”

“Najua ulichotaka.” Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. “Tulikusudia kuchukua pua ya chai. Tumechukua pua yote, na shingo iliyokuwa inageuka pamoja nayo.”

“Inarudishwa vipi?”

“Hairudishwi. Hakuna aliyewahi.”

“Hata baadaye? Wakigundua?”

“Mwanangu, mimi nafanya kazi hii tangu ikiwa changa. Sijaona hata mmoja aliyerudishiwa kitu.” Akavua miwani. “Chai imekaa juu. Hayo mengine yamekaa chini yake, tabaka moja, yameshikana. Ukifuta tabaka hilo, kasha litabaki na chai peke yake na kiwanda kitaenda. Lakini linafutwa na mkono uliochuma tu, kasha halimtii mwingine. Huwezi kuchagua. Moshi, mvua, wewe, yule mama, vyote vinaondoka pamoja.”

“Nisipofuta?”

Mwalimu alitazama mlangoni kwanza. “Meneja amekwishapata agizo. Kasha litafutwa lote, na kitatafutwa kichwa kingine. Yupo binti wa mzee anayefungasha. Wanasema pua ya baba yake amerithi yeye.”

*

Jioni Tupokigwe alikaa nyuma ya ua wa matete. Mzee alikuwa upande wa pili, kwenye kigoda chake. Lusungu alisimama kwenye uwazi wa ua akimenya ndizi, kazi ya kubeba maneno haikumzuia mikono.

Tupokigwe alikuwa na jambo la kusema, na jambo lenyewe lilikuwa Lusungu, na hakuwa na kinywa kingine cha kulipitisha ila cha Lusungu. Akaliacha.

“Muulize mzee kwa nini hakubonyeza.”

Lusungu aliuliza. 

“Anasema, alianza kuona mama anaondoka. Kwanza nywele, halafu kanga zake. Akawa analia.” Lusungu aliacha kumenya. “Anasema, angemwita vipi mke wa mwanawe aje amtazame analia?”

Ng'ambo ya matete mzee alikohoa, kikohozi cha mazoea, kisichokuwa na maana tena.

“Mwambie,” Tupokigwe alisema, “vitu vyake vimo kwenye kasha. Wanataka nivifute. Asiponiruhusu sifuti.”

Alisema hivyo akijua si kweli. Alimtazama Lusungu mikono yake yenye utomvu wa ndizi, pua yake pana iliyokuwa ikicheza cheza kwa harufu ya moshi bila yeye kujijua, na akajua kwamba hata mzee akikataa, atafuta.

“Anauliza, mama yumo humo?”

“Yumo.”

“Anauliza, mama anajua yumo?”

Tupokigwe alifikiri. Mwalimu alimfundisha kutokisia. “Mwambie sijui.”

 Jogoo wa jirani alipanda kwenye ua, akashuka. Kisha mzee akasema kwa sauti yake mwenyewe, akiyaambia matete, na hii nayo ilikuwa njia iliyokubalika:

“Majani ya watu yasiozee pale. Nilishawaahidi. Afute.” Baada ya kitambo akaongeza, “Asubuhi niende nikae pale mlangoni. Ikiwa kuna kitu kinatoka, labda kitapita kwangu.”

“Hakipiti, tata,” Lusungu alisema taratibu.

“Najua. Nitakaa tu.”

*

Alikwenda kweli. Walimwekea kiti kwenye mlango mkubwa wa kupakilia, upande wa pili kabisa wa ukumbi. Tupokigwe aliingia kwenye chumba cha paneli kwa mlango wa nyuma, asimwone wala asionekane.

Tabaka lenyewe kwenye kioo halikuwa na jina lolote. Lilikuwa mstari wa mawimbi, mengine makubwa mengine madogo, na jinsi alivyoyatazama ndivyo alivyoona yanajirudia kwa namna fulani, kama mtu anayekwenda kisimani na kurudi. Wimbi moja lilikuwa limeinuka kuliko yote na halikushuka upesi. Hakujua kama ndilo la mbono. Alitamani liwe ndilo, kisha akatamani lisiwe.

“Ukikaa sana itakuwa ngumu,” Mwalimu Nakiete alisema nyuma yake.

“Tayari ni ngumu, mwalimu.”

“Haya. Kaa.”

Alikaa. Aliyatazama mawimbi yale mpaka aliweza kuyaona amefumba macho, maana baada ya hapo yasingekuwepo popote ila kichwani mwake, na kichwani mwake yalikuwa michoro tu, hayana harufu. Akaandika kijiti cha mwisho cha ngazi. Sharti lilikuwa moja, mkono wa aliyechuma. Akauweka mkono kwenye kioo.

Hakukuwa na mlio. Mstari ulinyooka.

Meneja Mtweve akasugua viganja. “Sasa jaribu. Pita mwenyewe, tukuone.”

Tupokigwe akafungua mlango wa ukumbi. Mkanda ulikuwa unakwenda. Akapiga hatua ndani, akasimama, akangoja. Vifuniko vilibaki wazi. Akatembea ubavuni mwa mkanda, taratibu, karibu kuugusa. Majani yalipita pembeni yake yakigeuka rangi, yakaingia tanurini kwa wakati wake, na nyuma yake alisikia meneja akipiga makofi.

Mbele, penye mwanga wa mlango mkubwa, mzee alikuwa kwenye kiti chake. Uso wake ulielekea ndani, ulielekea kwake hasa, lakini jua lililomulika vumbi la chai lilikuwa limeyatia kiwi macho yake ya kizee, na hakuona zaidi ya mtu. Hakukohoa. Hakugeuza shingo. Alikaa ameinua kidevu, tundu za pua zimetanuka, akivuta hewa kwa nguvu, akaitoa, akavuta tena.

Tupokigwe akajifunika kanga, akasimama pale alipokuwa. Kumwita hakuruhusiwa. Lusungu alikuwa chumba cha kufungasha, na kwa ngurumo ile ya mashine hata angemwita asingesikia.

Akasubiri mtu yeyote apite amwambie mzee kwamba mkwewe yupo.